Asilimia 3 ya ajira kwa wenye ulemavu: tatizo ni sifa au ngazi?

Wakuu, juzi kuna jamaa kaniambia kumlazimisha mwajiri aajiri mwenye ulemavu ni uonevu, eti kazi ni sifa, mwenye sifa ataitwa tu. Imenikaa rohoni, nimeona niilete hapa tujadili.

Mimi ni mhasibu, natumia wilichea. Mwaka jana niliitwa usaili kwenye kampuni moja hapa Dar, ofisi ipo ghorofa ya tatu na lifti mbovu, basi mlinzi na kijana mmoja wa bodaboda wakanibeba juujuu, wilichea ikafuata nyuma, nafika shati limechomoka lote, jasho linanitiririka, na hapo hapo naingizwa mbele ya watu watano. Swali la kwanza si hesabu wala kodi, ni "sasa kila siku utakuwa unapandaje?" La pili, chooni je? La tatu akaulizwa mdogo wangu aliyenisindikiza, "kompyuta anaweza kutumia?", na mimi nipo pale pale namtazama anayeuliza. Dakika 10 hazikufika wakasema watanipigia, mpaka leo.

Sasa sifa zangu zilipimwa saa ngapi?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri wenye ulemavu WENYE SIFA angalau asilimia 3. Hakuna anayeomba huruma hapo. Na pigeni hesabu, asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, hata mtu mmoja hajatimia, mpaka wafike 34 ndo unampata mmoja kamili. Huo ndo mzigo wenyewe jamani, mtu mmoja!

Hoja ya gharama naielewa, wengi wamepanga na lifti si yao. Ila usaili ungefanyika chini pale mapokezi ingegharimu nini? Ni kunipigia simu siku moja kabla, uniulize utahitaji nini. Vituo vya mwendokasi vina rampu, naingia mwenyewe bila kumuomba mtu, kwa hiyo tusiambiane haiwezekani.

Mimi nasema mwajiri mwenye watu 34 kwenda juu na hana hata mmoja, alazimishwe kueleza kwa maandishi wenye ulemavu wangapi waliomba, wangapi aliwaita na aliwasaili wapi. Mnaopinga leteni hoja, lakini kwanza mniambie, ofisini kwenu mwenye wilichea akiitwa kesho asubuhi atafikaje kwenye meza ya usaili?