Mjadala: Benki zikienda bungeni, zinatoa maoni au zinaandika sheria?

Mchuuzi_Kongowea (mleta mada): Wakuu, mwaka 2016 hapa Kenya wabunge walipitisha ule mswada wa mbunge Jude Njomo, riba ya mikopo ya benki isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta akatia saini Agosti, watu wakashangilia. Chama cha mabenki hakikulala. Miaka mitatu kikawa mguu Hazina, mguu kwenye kamati ya fedha, na wimbo mmoja: mikopo imekauka. Mwishowe kikomo kikafutwa. Hayo ni maoni ya raia yeyote au ni kuteka sheria? Matusi peleka kwingine.

Bwana_Daftari: Ni maoni. Kifungu cha 118 cha Katiba kinaagiza Bunge lishirikishe umma, na hakikusema umma ni mama mboga peke yake. Benki ina wanasheria, inaandika memoranda, yaani maoni yake kwa maandishi, na kuiwasilisha kwa wakati. Mama mboga hata asilimia hajui. Nani alaumiwe?

Bi_Mwanaisha: Hebu rudia. Nani hajui asilimia?

Bwana_Daftari: Dada, nimesema kwa ujumla tu.

Bi_Mwanaisha: Mamangu anauza nyanya tangu sijazaliwa. Kreti akiifungua alfajiri, anatenga zilizopondeka, anapanga mafungu ya ishirini, na kabla mteja wa kwanza hajafika anajua faida ni ngapi. Bila kalamu. Chama chao cha kuweka na kukopa kinakopesha kwa kumi kwa mia kwa mwezi na kila mmoja anajua deni la mwenzake kwa kichwa. Wewe na jina lako la daftari, mkopo wako benki ulikatwa ada ngapi kabla hujaushika?

Mkulima_Kitale: Hahaha, Daftari limefungwa.

Bwana_Daftari: Kumi kwa mwezi ni 120 kwa mwaka! Mamako analipa kimya, benki ikitoza 14 mnapiga mayowe. Asante kwa kunisaidia hoja.

Bi_Mwanaisha: Riba ya chama Desemba wanagawana wenyewe. Ya benki inagawanywa kwa nani? Na mamangu umuache kabisa.

Fundi_Eastleigh: Daftari hajakosea yote jamani. Kikomo kilipowekwa benki zilikimbilia hati za Hazina, yaani kuikopesha serikali, kwa nini zihangaike na mimi mwenye gereji? Mwisho wa 2017 mikopo ya sekta binafsi ilikuwa inakua kwa asilimia 2 na ushee. Niliomba ya kompresa nikanyimwa, nikaangukia apu za simu. Huko hakukuwa na kikomo wala huruma.

Mkulima_Kitale: Basi zilinyima makusudi ili sheria ichukiwe, halafu zikaenda bungeni na takwimu za mgomo wao wenyewe kama ushahidi. Mnijibu hapo.

Tandale_Kwa_Mtogole: Majirani, sisi Tanzania tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kama ni kilio chetu au cha makampuni ya simu, hadi leo tunabishana. Ila nyie Wakenya kwa kukopa mmezidi.

Bi_Mwanaisha: Tumekopa kwako?

Tandale_Kwa_Mtogole: Samahani shemeji.

Bi_Mwanaisha: Shemeji wa nani?

Kiti_Moto: Uhuru alikifuta kikomo 2018, IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, walimkaba koo.

Mchuuzi_Kongowea: La. IMF walikitaka kiondoke, kweli, na Hazina ilijaribu 2018, lakini wabunge wakakibakisha. Walichoondoa ni kima cha chini cha riba ya akiba. Hapo ndipo pananiuma: mwenye akiba hana chama cha kumsemea, kinga yake ikaenda mapema. Kikomo chenyewe kiliondoka Novemba 2019. Uhuru alikataa kusaini Mswada wa Fedha, kumpinga kulihitaji wabunge 233, akidi haikutimia.

Kiti_Moto: 2018, 2019, kwani mfuko wako ulihisi tofauti?

Bwana_Daftari: Mbona 2024 hamkusema "kuteka"? VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye huduma za benki iliondolewa kwenye Mswada wa Fedha siku moja na ile ya mkate. Mlifurahi.

Bi_Mwanaisha: Ya mkate iliondolewa na vijana barabarani, si memoranda zako.

Bwana_Daftari: Kamati ilishasikiliza watu kabla ya tarehe 18 Juni.

Bi_Mwanaisha: Ilisikiliza. Ikasikia ilipoona moshi.

Mchuuzi_Kongowea: Wakuu, turudi kwenye mada. Mkulima aliuliza swali zuri la takwimu.

Bwana_Daftari: Nitarudi jioni, niko kazini.

Mkulima_Kitale: Kazini wapi? Benki?

Fundi_Eastleigh: Bi Mwanaisha, chama cha mamako kinapokea wanachama wapya?

Bi_Mwanaisha: Kinapokea. Wanaume hapana.