MJADALA: Mwenye VHL apimwe kongosho kwa CT au kwa MRI?

Mleta mada: VHL (von Hippel-Lindau) ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuupata. Kongosho mara nyingi hujaa vifuko vya maji, ambavyo kwa kawaida havina madhara, na kwa baadhi ya wagonjwa huota uvimbe wa nyuroendokrini (wa seli zinazotengeneza homoni) unaoweza kusambaa hadi kwenye ini. Mwongozo wa VHL Alliance, shirika la wenye VHL, unataka MRI (picha za sumaku) ya tumbo kila baada ya miaka 2, kuanzia miaka 15. Kwetu CT (picha za eksirei) ndiyo inayopatikana kirahisi. Je, inatosha?

Msoma Picha: Inatosha, mradi ipigwe inavyotakiwa. Uvimbe huu una damu nyingi, kwa hiyo unang'aa mapema, kama sekunde 35 hadi 40 baada ya dawa ya kung'arisha picha kuanza kuingia mshipani. Ukisubiri sekunde 70, tofauti kati ya uvimbe na kongosho imeshapungua na uvimbe wa sentimita 1 unaweza usionekane. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapiga awamu moja tu, yaani picha za wakati mmoja, ya sekunde 70, halafu ripoti inaandikwa "kongosho halina shida". Pigeni awamu zote mbili, vipande vya picha visizidi unene wa milimita 3, dawa iende mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Kanula nyembamba ya mkononi haiwezi kasi hiyo.

Binti Radiolojia: Utaratibu wako ni sahihi, Dokta, ila hesabu ya mionzi inanitisha. Kijana akianza na miaka 15 mpaka afikishe 65, hivyo ni vipimo 26, kila kimoja awamu mbili au tatu, kwa mtu aliyezaliwa na nakala mbovu ya jeni inayozuia uvimbe! Halafu kuna ile sistadenoma ya sirasi, uvimbe usio saratani: vifuko vidogo vidogo vilivyosongamana, kuta zake zinachukua dawa, na kwenye CT inafanana kabisa na uvimbe wa nyuroendokrini. Kwenye MRI, picha ya T2, maji yale yanakuwa meupe pe.

Kisu na Uzi: Mimi upande wa upasuaji nawaomba wote wawili jambo moja: msibadilishe kipimo katikati ya safari. Tunaangalia mambo matatu: uvimbe kufika sentimita 3, hitilafu kuwa kwenye eksoni ya 3 (kipande cha tatu) ya jeni ya VHL, na ujazo kuongezeka maradufu ndani ya siku 500. Yakikutana mawili, tunaanza kuzungumzia upasuaji. Sasa piga hesabu. Uvimbe wa milimita 15 ukifika 19 tu, ujazo umeshakuwa maradufu. Ukisoma 17, umeongezeka kwa karibu asilimia 45. Milimita 2 hizo zinaweza kutokea kwa sababu tu mwaka ule ilipimwa CT ya awamu ya mapema na safari hii ikapimwa T2. Mtu anaweza kukatwa kongosho bure, abaki na kisukari.

Mleta mada: Kwa nini tusimalize ubishi kwa PET ya DOTATATE, ile picha ya dawa ya mionzi inayonata kwenye uvimbe wa nyuroendokrini?

Binti Radiolojia: Inasaidia kutafuta ulikosambaa, lakini haichukui nafasi ya kupima ukubwa. Tena ile sehemu ya kichwa cha kongosho iliyojikunja kama ndoano hung'aa hata kwa mtu mzima wa afya, ikadhaniwa uvimbe.

Msoma Picha: Kwenye mionzi nakubali: kijana apewe MRI. Lakini pasipo na MRI sitakubali asubiri miaka. Apigwe CT, na ripoti itaje awamu iliyopimwa, namba ya kipande na vipenyo viwili, ili atakayefuata apime palepale.

Kisu na Uzi: Na kabla ya kisu CT nitaihitaji hata kama MRI ipo, nione mishipa. Metanefrini za damu (mabaki ya homoni za adrenali) zipimwe kwanza. Feokromositoma (uvimbe unaomwaga homoni hizo) isiyojulikana kwenye tezi ya adrenali inaweza kupandisha presha ghafla mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na akafia mezani.