Wasifu wa marehemu baba mkwe, mwenye duka: niuandikeje?

Swali: Ndugu zangu, nimepewa jukumu la kuandika wasifu wa marehemu baba mkwe, aliyeendesha duka katika mji mdogo na kulea watoto wake humo humo. Je, nitenganishe habari za biashara na za familia? Na daftari la madeni, nilitaje?

Jibu la 1: Pole sana kwa msiba. Usizitenganishe, kwa kuwa mwenye duka wa namna hiyo hufanya kazi mbele ya wanawe, na wateja humwona akiwa mzazi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Waulize wateja wa zamani alifanya nini walipokosa fedha. Ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, watakujibu "mwema" tu, nawe hutapata cha kuandika.

Jibu la 2: Naafiki. Kuhusu daftari, eleza ukarimu wake bila kumgusia mdaiwa yeyote, maana baadhi yao watakuwa wameketi hapo wakikusikiliza. Madeni yenyewe ni sehemu ya mirathi, na warithi wayashughulikie faraghani.

Jibu la 3: Maneno 500 hadi 600, yakisomwa kwa utulivu, huchukua takriban dakika 5. Mama mkwe ausikie kwanza.