Naomba ushauri: binti yetu aanze darasa la kwanza Guangzhou, au apelekwe kwa bibi yake Tanga?

Mama Kanga (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu ni Watanzania, na huu ni mwaka wetu wa saba hapa Guangzhou, China. Yeye ameajiriwa na kampuni moja ya hapa, nami nawasaidia wafanyabiashara wanaotoka nyumbani kununua mabegi na viatu katika masoko ya Sanyuanli: nawatafsiria, nakagua mzigo na kuufuatilia mpaka uingie kwenye konteina. Binti yetu alizaliwa hapa hapa na ametimiza miaka sita mwezi wa pili, kwa hiyo Septemba mosi anatakiwa kuanza darasa la kwanza, maana mtoto aliyefikisha miaka sita kabla ya Agosti kwisha ndiye anayehesabiwa kuwa amefikia umri wa shule.

Kinachoninyima usingizi ni lugha. Wiki iliyopita mama yangu alitupigia simu ya video kutoka Pongwe, akamwuliza mjukuu wake, "Umekula nini leo, mwanangu?" Mtoto akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kichina, "Ta shuo shenme?" yaani, huyu anasema nini? Mama hajui neno hata moja la Kichina, lakini alielewa. Alinyamaza kidogo, akasema mtandao unasumbua, akakata simu.

Naomba mnisaidie kufikiri. Je, ni heri aanze shule ya umma ya Kichina, au akasome Tanga kwa miaka miwili au mitatu, Kiswahili kimkae, ndipo arudi? Shule za kimataifa siziulizii, kwa kuwa zipo zinazotoza zaidi ya yuan laki mbili kwa mwaka, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 60, nasi uwezo huo hatuna. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Mstaafu

Mama Kanga, pole kwa mawazo. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na kabla sijasema lolote ningependa kujua jambo moja: nyumbani kwenu, mlango ukishafungwa jioni, mnazungumza lugha gani na mtoto? Nimewapokea watoto waliokuja shuleni wakijua Kisambaa peke yake, wakaondoka na Kiswahili safi bila kupoteza Kisambaa chao, kwa sababu mama zao hawakuacha kuwasemesha. Lugha ya mama hailindwi na shule. Inalindwa wakati wa kumwogesha mtoto, kumsuka nywele na kumkaripia.

Mama Kanga

Mwalimu, nashukuru. Sitakudanganya: mimi hurudi saa mbili au saa tatu usiku, na mume wangu husafiri mara kwa mara kwenda miji ya Ningbo na Yiwu. Mtoto akitoka chekechea huwa na jirani yetu, mama wa Kichina mwenye watoto wawili. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa kiasi, lakini ananijibu kwa Kichina, na kwa uchovu nami humjibu kwa Kichina hicho hicho. Hata wanasesere wake anawagombeza kwa Kichina. Jioni huvaa skafu nyekundu ya shule mbele ya kioo, akaimba na kupiga saluti. Nikimtazama namwona mtoto mzuri, mwenye furaha, lakini naogopa kwamba siku moja mimi ndiye nitakayehitaji mkalimani ili nizungumze naye.

Kaka wa Yiwu

Dada, shule ya umma isikutishe. Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Yiwu. Mwanzoni mwenye kazi ngumu ni mzazi. Mwalimu anatuma tangazo kwenye kundi la WeChat la wazazi, na kila mzazi anatakiwa kujibu "shoudao", yaani nimepokea. Mwaka wa kwanza niliandika "shoudao" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu, na mara nyingi sikujua nimepokea nini. Siku moja mwanangu peke yake ndiye aliyekwenda shule bila kiazi, ilhali wenzake wote wamebeba kiazi kilichoota kwa ajili ya somo la sayansi, na mimi nilikuwa nimejibu kwamba nimepokea. Tangu siku hiyo natafsiri kila tangazo kabla ya kulijibu.

Lakini kazi za nyumbani si kama watu wanavyosimulia. Tangu mwaka 2021 serikali imezuia kazi za kuandika za nyumbani kwa darasa la kwanza na la pili. Mtoto anasoma kwa sauti tu jioni, kisha analala. Jioni hiyo ndiyo unayoweza kuigeuza ya Kiswahili.

Shangazi wa Makorora

Mimi nasema mtoto aletwe. Sisi sote hapa tumelelewa na bibi, na hakuna aliyeharibika. Atakunywa uji wenye nazi, atafundishwa kumwamkia mkubwa, atacheza na binamu zake, na miezi mitatu haitapita kabla hajaanza kubishana kwa Kiswahili cha Tanga. Mtoto asiyeweza kumwambia bibi yake "shikamoo" atajijuaje kwamba ni wa kwetu? Fedha mtazikuta, lakini malezi yakipita yamepita.

Mpanga Safari

Naomba turudi kwenye swali, kwa sababu kuna jambo halijasemwa. Niliishi Guangzhou na mwanangu alianza shule ya umma huko. Maombi ya darasa la kwanza hufanyika mwezi Mei, nawe unatakiwa uwe na pasipoti za familia, vibali vya ukaazi, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa nyumba, karatasi ya polisi ya kuandikishwa makazi na kitabu cha chanjo. Leo tuko katikati ya Juni. Mama Kanga, je, uliomba nafasi? Na kama hukuomba, ni kweli unatuuliza tuchague, au umeshachagua?

Mama Kanga

Mpanga Safari, nimeusoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu. Sikuomba nafasi. Karatasi zote nilikuwa nazo kwenye bahasha, nikaacha siku zikapita.

Tiketi nimeshakata. Tunaondoka Julai 6 kupitia Addis Ababa. Yangu ni ya kwenda na kurudi, ya mtoto ni ya kwenda tu. Mume wangu anajua kwamba tunakwenda likizo ya wiki tatu. Mtoto naye anajua hivyo hivyo, na ameshaanza kupanga zawadi za binamu zake kwenye begi lake dogo.

Naomba msinihukumu kwa haraka. Mama yangu amekubali, shule iliyo karibu naye nimeiulizia, na nitakuwa napiga simu kila jioni. Nikimweleza mtoto mapema atalia mwezi mzima, nami sitaweza kuondoka. Nikimweleza mume wangu atakataa, kisha atasafiri tena na kuniacha na tatizo lile lile. Nilidhani nikishafika Tanga na wote wakaona mtoto anavyofurahi, mambo yatakuwa mepesi.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, kumbe hukutuuliza kuhusu shule. Baba wa mtoto yu hai, anafanya kazi kwa ajili yenu, nawe unapanga mwanawe abadilishe nchi bila yeye kujua? Hata kama uamuzi ungekuwa sahihi kwa kila namna, njia hii itaubomoa. Mwambie kabla hujafunga begi.

Kaka wa Yiwu

Naongeza mambo mawili ambayo huenda hukuyapima. La kwanza ni la karatasi. Kibali cha ukaazi cha mtoto kinategemea cha baba yake, na muda wake ukiisha mtoto akiwa Tanga hakiwezi kuongezwa, kwa kuwa pasipoti hupelekwa polisi huku huku China. Ili arudi itabidi aombewe upya viza ya S1, ile ya familia ya mgeni anayefanya kazi China, na akishaingia mna siku 30 za kumwombea kibali kingine. Si jambo lisilowezekana, lakini si sawa na kusema "akichoka nitamrudisha".

La pili ni la moyo. Hapa kuna neno "liushou ertong", watoto waliobaki nyuma. Ni watoto wa vijijini ambao wazazi wao walikwenda kufanya kazi viwandani, wengi huko huko kwenye jimbo la Guangdong unakoishi, wakawaacha na babu na bibi. Fundi aliyenifundisha kazi ya kupima mizigo ni mmoja wao, kutoka jimbo la Hunan. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa akirudi mara moja kwa mwaka, Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, na kwamba kila mara yeye mtoto alihitaji siku tatu kabla ya kukubali kukaa karibu naye. Siku ya nne mama alikuwa akifunga mizigo.

Mtaka Ushahidi

Samahanini, lakini mimi siamini kisa hiki. Mleta mada amesema mtoto anamaliza chekechea, halafu akasema jioni anavaa skafu nyekundu ya shule na kupiga saluti. Nimesoma China. Skafu ile ni ya wanafunzi wa shule ya msingi walioingia katika umoja wa watoto. Mtoto wa chekechea hapewi. Tena mume gani asiyejua mkewe amekata tiketi ya aina gani? Humu tumeshaletewa simulizi nyingi za kutungwa na watu wanaotaka kuona tutasema nini. Kabla hatujaendelea kutoa machozi yetu, athibitishe.

Shangazi wa Makorora

Hata mimi sasa nimeanza kusita. Mama mzima akae kimya mpaka abanwe ndipo aseme la tiketi?

Mpanga Safari

Kukaa kimya hakuthibitishi uongo. Anayeona haya huanza na sehemu ya jambo isiyomtia haya. Kuhusu skafu, Mtaka Ushahidi yuko sahihi kwamba chekechea hawapewi. Mama Kanga mwenyewe atueleze.

Mama Kanga

Skafu ni ya mtoto wa jirani, yuko darasa la pili. Binti yangu aliiazima mwezi wa nne na amekataa kuirudisha. Jirani aliniambia niiache, akamnunulia mwanawe nyingine. Binti ameikunja mara nne na kuiweka chini ya mto, pamoja na karatasi aliyoandika herufi za jina lake la Kichina, kwa sababu mwalimu wake amewaambia kwamba Septemba watakuwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Anaisubiri Septemba. Ndilo jambo ambalo sikuliandika tangu mwanzo, na sasa nimeliandika.

Picha za mtoto sitaweka humu. Asiyetaka kuamini simlaumu.

Binti Korogwe

Mimi nimekuwa nikisoma tu, na sikukusudia kuandika. Kama kisa cha Mama Kanga kimetungwa au ni cha kweli, sijui, lakini changu ni cha kweli. Nilikuwa na miaka sita mama yangu alipokwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Aliogopa nitalia, hivyo aliniambia anakwenda dukani kuninunulia ubuyu, akaniachia kanga yake moja nimshikie mpaka arudi. Nilikaa barazani kwa bibi nikiwa nimeipakata. Jioni bibi alinibeba nikiwa nimelala, na kesho yake nikarudi pale pale barazani.

Bibi alinipenda sana, na yote aliyoyasema Shangazi kuhusu malezi ya bibi niliyapata. Fedha za mama zilinisomesha mpaka chuo, nami simdai kitu. Lakini aliporudi baada ya miaka minne na mfuko mkubwa wa zawadi, nilimwuliza mbele za watu, "Ubuyu uko wapi?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mpaka leo, akisema anatoka mara moja, huwa namwuliza anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na yeye hunijibu kwa utaratibu, hata iwe anakwenda kwa jirani.

Mama Kanga, kama utamwacha, mwambie kwamba unamwacha. Akilia, alie ukiwepo.

Shangazi wa Makorora

Binti Korogwe, pole, mwanangu. Nilisema aletwe, na bado naamini bibi ni hazina, lakini sikukusudia aletwe hivyo.

Mama Kanga

Nimechelewa kurudi kwenye uzi kwa sababu nilikuwa namsubiri mume wangu atoke Ningbo. Alifika Ijumaa usiku. Nilimwonyesha tiketi. Hakunigombeza, na hilo lilinitesa kuliko ugomvi. Alikwenda kukaa jikoni muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nimechoka. Tumezungumza mpaka alfajiri.

Tumekubaliana hivi: mtoto atakwenda Tanga na atarudi pamoja nami Agosti 20, na tiketi yake ya kurudi imeshakatwa. Nitakaa naye zaidi ya wiki sita badala ya tatu nilizopanga, na wateja wangu wawili nimewakabidhi kwa mwenzangu. Suala la shule bado ni gumu. Nafasi ya shule ya umma niliipoteza mwenyewe, kwa hiyo Jumatatu mume wangu na jirani yetu watazunguka katika shule binafsi za kawaida za Kichina zenye nafasi zilizobaki. Mpanga Safari, kama unazijua za upande wa wilaya ya Baiyun, nitashukuru ukiniandikia. Mume wangu ameomba apunguziwe safari; bado hajajibiwa.

Jumamosi asubuhi tulimkalisha mtoto, tukamweleza kila kitu, pamoja na kile nilichokuwa nimekipanga. Nilimweleza kwa Kiswahili polepole, na palipokuwa pagumu baba yake alirudia kwa Kichina. Alisikiliza huku akizungushia skafu mkononi. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake hicho kilichovunjika, "Mama, kwa bibi, wewe lala wapi?"

Nikamwambia kitanda kimoja na yeye.