Naomba ushauri: natumia pampu ya insulini, sukari inapanda alfajiri

Habari zenu wapendwa. Nina kisukari aina ya kwanza, na huu ni mwezi wa tatu natumia pampu baada ya miaka mingi ya sindano. Mchana sukari imetulia, namshukuru Mungu. Shida ni alfajiri.

Nalala sukari ikiwa 6.5 mmol/L. Saa tisa usiku naamka, najitoboa kidole, nakuta 6.2. Saa kumi na mbili asubuhi imefika 12, na sijatia kitu mdomoni. Kwa hiyo si kwamba inashuka usiku halafu inaruka. Nimepima siku tano mfululizo. Naelewa kuwa homoni za alfajiri, kama kotisoli, hulifanya ini limwage sukari kwenye damu. Mpira wa pampu unaopitisha insulini nimebadilisha, sehemu ya kuchomeka mwilini nimehamisha, hali ni ileile.

Insulini ya msingi, yaani ile ambayo pampu huitoa kidogo kidogo muda wote, ilikuwa uniti 0.8 kwa saa usiku kucha. Daktari kaniruhusu 0.9 kuanzia saa kumi alfajiri, tofauti ni ndogo mno. Nahisi nachelewa kuipandisha, maana insulini hii huchukua kama saa moja hadi mbili kufikia nguvu yake. Ila naogopa sukari kushuka mno nikiwa usingizini. Niliwahi kuzinduka nimelowa jasho, mikono inatetemeka, nashindwa hata kuchana pakiti ya glukosi.

Wenye uzoefu, ninyi mlianza kupandisha saa ngapi, na kwa kiasi gani kila mara? Wiki ijayo nina kliniki, nataka nimuulize daktari maswali yanayoeleweka kabla ya kugusa chochote.