Antivirus ya ndani ya RMM, ya kununua pembeni, au Defender tu?

kitengo_tehama
Wakuu salaam. Leseni zetu za antivirus zinaisha mwezi ujao na bosi anataka jibu kabla hajasaini chochote. Kompyuta zote zina ajenti ya RMM tayari (programu ndogo inayotuwezesha kusimamia kompyuta kwa mbali), tunaitumia kwa viraka, yaani masasisho ya kuziba mianya, na kuingia rimoti. Muuzaji wa RMM anatusukumia antivirus yake inayokaa humo humo kwenye dashibodi. Mwenzangu anataka tubaki na antivirus inayojitegemea, yenye konsoli yake, yaani ukurasa wake wa kuisimamia. Na kuna anayesema Defender ya Windows inatosha, tuisimamie kwa sera na skripti za RMM. Nyie mngechukua ipi? Nawasilisha.

mzee_wa_seva
Mkuu, umeeleza kila kitu isipokuwa kinachohitajika. RMM gani? Kompyuta ngapi? Seva zipo? Mac je? Mna Microsoft 365, na kama mnayo ni ya kiwango gani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

dashibodi_moja
Ya ndani ya RMM, sioni hata cha kujadili. Kompyuta mpya ikipata ajenti, antivirus inashuka yenyewe kwa sera ya kundi lake. Tahadhari inaingia kwenye tiketi zilezile, mtu mmoja anaona kila kitu. Na msidhani ni injini ya kienyeji: N-able, wauzaji wa RMM, wanatumia antivirus ya Bitdefender ndani ya bidhaa yao, na RMM za Atera na NinjaOne nako unaiunganisha Bitdefender hiyohiyo. Kwa nini ulipie mara ya pili konsoli utakayoisahau nenosiri?

Bi_Konsoli
Kaka, injini kuwa moja haina maana mipangilio ni ile ile. Ukiingia kupitia RMM mara nyingi unapewa sehemu tu ya vitufe: skani, karantini, misamaha ya folda (zile isizozikagua), basi. Ukitaka kuchimba tukio, faili liliingiaje na liliita programu gani, unarudi kwenye konsoli ya mwenye antivirus. Halafu kuna talaka. Siku mkiachana na RMM, antivirus nayo inafungasha. Mnahama vitu viwili kwa mpigo, na hapo katikati kompyuta ziko uchi.

kitengo_tehama
Samahani wakuu, nilikuwa kikaoni. Kompyuta ni 140 hivi, karibu zote Windows 11. Seva chache. Mac chache za wabunifu. Microsoft 365 tunayo.

mzee_wa_seva
"Tunayo" si kiwango. Kama ni Business Premium, Defender for Business imo humo, na kifurushi hicho kinafika watumiaji 300. Kama ni ya chini yake, hesabu inabadilika. Na RMM bado hujaitaja.

fundi_wa_zamu
Kabla hujachagua utakachoweka, fikiria utakavyoondoa kilichopo. Mimi nilishiriki kubadilisha antivirus kwa mteja mmoja kupitia RMM, majina nayaacha. Antivirus ya zamani ilikuwa na nenosiri la kuzuia kuondolewa, na aliyeliweka alishaacha kazi. Kampuni husika ikatupa programu yao ya kung'oa, na jukwaa la RMM lilikuwa na skripti yake tayari ya kuisukuma. Ikapangwa iende usiku.

Asubuhi ripoti ni kijani ukurasa mzima, isipokuwa vichache vyekundu. Tukaanza kuhangaika na vyekundu. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vizima! Vilirudisha namba 3010, ambayo kwa Windows maana yake kazi imekwisha ila kompyuta inahitaji kuwashwa upya, na jukwaa likahesabu chochote kisicho sifuri kuwa kushindwa. Vya kijani sasa: skripti ilikuwa inaripoti matokeo ya amri yake ya mwisho, kufuta folda ya muda, si matokeo ya kung'oa. Folda ilifutika vizuri sana. Antivirus iling'oka nusu, ikaacha draiva yake ya kuchuja mtandao.

Watu wakawasha kompyuta, mtandao hakuna. Ajenti nayo inaishi kwa mtandao huohuo, kwa hiyo RMM yote ikawa pambo. Tulizunguka meza kwa meza na flashi, tunawasha kwa hali salama, tunang'oa draiva kwa mkono. Kuna mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu anauliza kila baada ya dakika kama mishahara itatoka.

Kwa hiyo mimi sijali sana unaweka ipi. Uliza muuzaji: inaondokaje, na nikiwa sina nenosiri inaondokaje?

defender_tu
Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Defender huing'oi na huiweki, imo. RMM inaendesha amri ya Get-MpComputerStatus kila siku, unasoma ulinzi wa wakati halisi umewashwa au la, na sahihi (alama za virusi inazozitambua) zina umri wa siku ngapi. Zikizidi siku mbili, tahadhari. Washa Tamper Protection, kinga ya Defender dhidi ya kuchezewa, na hata mwenye haki za msimamizi haizimi kwa amri ya PowerShell.

Bi_Konsoli
Hata RMM yako haiizimi, ndugu. Hicho kitufe chenyewe hukiendeshi kwa skripti, unakipanga kutoka Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia vifaa, au lango la Defender. Kwa hiyo konsoli ya pili umeipata, ila umeiita jina lingine.

mzee_wa_seva
Na kwenye seva mambo ni tofauti. Windows 11 ukiweka antivirus nyingine, Defender inajipumzisha yenyewe. Windows Server haifanyi hivyo, lazima uishughulikie mwenyewe, la sivyo zinakaa mbili zinagombania kila faili na watu wanalalamika kwamba hifadhidata ni nzito. Tena RMM nyingi husoma hali ya antivirus kutoka Security Center, sehemu ya Windows inayoorodhesha antivirus zilizopo, ambayo kwenye seva haipo. Utaona "hakuna antivirus" na ipo, au usione kitu kabisa. Ndiyo maana niliuliza seva.

kaa_macho
Mbona hakuna anayeuliza RMM yenyewe ikivamiwa itakuwaje? Tarehe 2 Julai 2021 genge la wadukuzi la REvil lilipita kwenye Kaseya VSA, ambayo ni RMM. Amri iliyoshuka kwa ajenti ilianza kwa kuzima Defender, kisha ikatumia toleo la zamani la programu halali ya Defender kupakia virusi vya kudai fidia. Sweden, maduka ya Coop kama 800 yalifunga kwa sababu mashine za malipo ziligoma. Anayeshika RMM anashika swichi ya antivirus. Mimi nazitenga, hata akaunti za kuingilia ni tofauti.

dashibodi_moja
Soma vizuri tukio lenyewe. Folda ya ajenti ilikuwa imesamehewa kwenye antivirus kwa maelekezo ya mwenye RMM. Antivirus ya pembeni yenye msamaha huohuo ingelala vilevile.

kaa_macho
Basi usisamehe folda nzima. Na washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila fundi.

dashibodi_moja
Na hao wa pembeni? 19 Julai 2024 CrowdStrike walisukuma faili moja bovu, Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliangukia skrini ya bluu. Hapakuwa na RMM pale.

defender_tu
CrowdStrike si antivirus tu, ni EDR.

dashibodi_moja
Kompyuta ikiwa na skrini ya bluu haiulizi herufi ngapi.

defender_tu
Tofauti ipo, na ndiyo inayomfanya mtu anunue kitu asichokijua. Antivirus inazuia faili, EDR inafuatilia mwenendo, na lazima awepo mtu wa kuzisoma hizo tahadhari. Kitengo cha watu wawili nani atasoma saa nane usiku?

fundi_wa_zamu
Mac zimesahaulika tena. Antivirus yoyote humo inataka ruhusa ya kusoma diski nzima, na RMM peke yake haiwezi kuitoa kimyakimya. Inatakiwa MDM, mfumo wa kusimamia vifaa vya kampuni, au mtumiaji abofye mwenyewe. Wabunifu hawabofyi.

kitengo_tehama
Asanteni. Naona nitajaribu Defender kwenye idara moja na hii ya RMM kwenye nyingine hadi leseni ziishe, kisha nilinganishe. Kiwango cha Microsoft 365 nitamuuliza anayelipa ankara.

mzee_wa_seva
Kwenye majaribio tumia faili la EICAR, halina madhara na kila antivirus inapaswa kulikamata. Hesabu linachukua muda gani kutoka kukamatwa hadi kuonekana kwenye tiketi. RMM gani, mkuu?

mgeni_wa_skripti
Nivamie kidogo. Skripti yangu ya umri wa sahihi inarudisha "sawa" hata kwa kompyuta iliyozimwa tangu wiki iliyopita. Tatizo nini?

defender_tu
Hayo ni majibu yake ya mwisho kabla haijazimwa. Weka sharti la pili: ajenti isipoonekana kwa siku kadhaa, hali iwe "haijulikani". Jukwaa lako linaruhusu hali ya tatu au ni kijani na nyekundu tu?