Gemu ya bei nafuu ya kufyatua risasi: kiziwi ataichezaje bila kubahatisha?

Swali

Habari zenu wakuu. Mimi ni kiziwi na ni mpenzi wa gemu za kufyatua risasi. Hivi karibuni nimenunua moja ya bei ya chini, kazi ya studio ndogo, yenye michoro mizuri kuliko nilivyotarajia. Manukuu yapo na nimeyawasha, ila yanaonyesha maneno ya wahusika peke yake. Bomu la mkono likidondoka karibu, wenzangu hulisikia likigonga sakafu wakatimua mbio, huku mimi nikiendelea kulenga dirishani kana kwamba hakuna kilichotokea. Adui akinivizia kwa nyuma, dalili ya kwanza ninayoipata ni skrini kuwa nyekundu. Je, nina haki ya kudai zaidi kwa gemu ya bei hii? Na nitajuaje mapema kabla ya kununua nyingine?

Jibu la kwanza

Unayo haki hiyo, na suala la bei lisikunyamazishe. Ili sauti isikike kushoto au kulia, programu ya gemu lazima ijue kila mlio umetokea wapi na uko umbali gani. Taarifa unayoihitaji kwa hiyo imo tayari ndani ya gemu. Kilichokosekana ni mtu wa kuichora kwenye skrini. Kazi hiyo si kubwa ikipangwa tangu mwanzo, ingawa nakiri kwamba kuipachika baada ya kila kitu kukamilika huisumbua timu ya watu wachache.

Wala si jambo geni. Half-Life 2, iliyotoka mwaka 2004, ilimpa mchezaji hiari ya kuonyeshwa mazungumzo tu au mazungumzo pamoja na milio mingine. Minecraft, tangu toleo la 1.9 la mwaka 2016, huandika jina la mlio na kuweka alama inayoonyesha kama umetokea kushoto au kulia. Huo mwelekeo ndio muhimu kwako. Maandishi yanayosema tu kwamba kuna hatua za miguu hayamwokoi mtu asiyejua ageukie wapi.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila kuna hoja inayopaswa kujibiwa. Katika mechi za mtandaoni, baadhi ya wachezaji hulalamika kwamba alama za sauti humpa mtu macho ya kisogoni, na kwamba wanaosikia pia wataziwasha ili wapate upenyo. Waziwashe tu! Fortnite ilianza kuonyesha sauti kwa picha kwenye simu mwaka 2018, kisha ikapeleka mpangilio huo kwenye mashine nyingine: alama za nyayo, bunduki na makasha hujitokeza katika duara kuzunguka katikati ya skrini, na yeyote anaweza kuziwasha. Kila mtu akiwa na hiari ile ile, sioni dhuluma iko wapi.

Ningeongeza suala la mawasiliano ya timu, kwa kuwa kipaza sauti hakikusaidii. Apex Legends ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kitufe kimoja cha kuweka alama mahali alipo adui kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya maneno.

Jibu la tatu

Kuhusu kununua, tafuta video ya mtu akiicheza gemu hiyo, kisha utazame mapigano badala ya matangazo. Mchezaji akipigwa risasi, angalia kama kuna alama inayoonyesha ilikotoka, na bomu likitua karibu, kama lina ishara yake. Tangu mwaka 2025 duka la Steam huonyesha vipengele vya ufikivu, yaani vinavyowasaidia wachezaji wenye ulemavu, kwenye kurasa za gemu, lakini hujazwa na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo usivitegemee peke yake. Ukikuta umenunua isiyofaa, Steam hurejesha fedha iwapo ombi limetumwa ndani ya siku 14 na hujacheza kwa zaidi ya saa 2. Nenda moja kwa moja kwenye mipangilio na pambano la kwanza. Utangulizi mrefu utakumalizia muda.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Muda wa kurejeshewa fedha umekwishapita, na kusema kweli bado naipenda gemu hii. Nitawaandikia watengenezaji nikiomba mambo mawili tu kwa kuanzia: alama ya bomu lililo karibu, na mshale wa kuonyesha risasi ilikotoka. Nyayo nitaziombea katika barua ya pili.